Gurudumu la Harilal na Uzito wa Mama Wangari

Ukitaka kujua uzito wa mtu bila mizani, usimtazame tumbo. Tumbo hudanganya, hasa siku ya baridi mtu akiwa amevaa koti juu ya sweta. Tazama miguu. Tazama nyasi zinavyolala anapokanyaga, na zinavyochelewa kuinuka akishapita. Halafu mtazame anavyoketi. Mtu mwepesi huketi, akajisogeza, kisha akaketi tena. Mzito huketi mara moja na kumaliza.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilizungusha gurudumu la bembea katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, na katika miaka hiyo yote nilikosea vibaya mara mbili tu. Mara ya kwanza ni kwa sababu ya viazi. Mara ya pili nusura nikose mke.

Nitawaeleza zote mbili, lakini tuanze na gurudumu lenyewe, maana ninyi vijana mmezoea zile nyumba za mpira zinazojazwa upepo. Watoto wanarukaruka ndani, mwenyewe amekaa kando na simu yake. Siwalaumu. Ni kazi halali, na kama magoti yangeniruhusu ningeingia mimi pia.

Gurudumu letu lilikuwa na viti vinane, kila kimoja cha watu wawili, vikining'inia kati ya duara mbili za chuma. Kiti kikifika juu kabisa, aliyekikalia aliona mapaa ya mji mzima, na asubuhi isiyo na mawingu aliuona mlima kana kwamba umesogezwa karibu ili autazame. Lilizungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda mrefu wa ngozi. Injini ile ilikuwa imesaga mahindi miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na ilikuwa na nguvu za kusaga unga, si za kuinua watu. Kwa hiyo ilibidi kila anayepanda awe na mwenzake wa uzito uleule upande wa pili. Ukimweka mwalimu huku, unamtafuta mwalimu kule. Ukimweka mhubiri mnene, unatafuta mhubiri mwingine, au watoto watatu wa shule. Uzito ukilingana, ungeweza kulizungusha gurudumu lile kwa mkono mmoja huku unakunywa chai kwa mwingine. Usipolingana, upande mzito unakimbilia chini na kukataa kupanda.

Mwenye mali alikuwa Bwana Harilal, ambaye familia yake ilikuwa na duka la misumari na mabati mjini Nyeri. Wakati wa uhuru alilinunua gurudumu kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nia yake ilikuwa kulikatakata auze vyuma. Watoto wake wakalia wazungushwe mara moja kabla halijakatwa. Likasimamishwa katika uwanja ulio chini ya mji, na kufikia adhuhuri foleni ya watoto wa wenzake ilikuwa imefika barabarani. Halikukatwa tena. Baadaye akaongeza farasi sita wa mbao wa kuzunguka, mmoja wao akiwa pundamilia kwa sababu dukani kulikuwa kumebaki rangi nyeusi na nyeupe, na kibanda cha kurusha pete ambapo ukishinda unapewa kipande cha sabuni. Vyote hivyo vilibebwa na lori moja. Karatina, Kerugoya, Embu, Meru, Nanyuki, kisha Nyeri tena. Watu waliziita bembea za Harilal.

Msidhani kila mtu alifurahi tu. Kerugoya kulikuwa na mzee aliyempanda yule pundamilia, akazunguka mpaka muda wake ukaisha, akashuka polepole na kuniuliza, "Sasa hapa ni wapi?"

"Ni Kerugoya, mzee."

"Na nilipandia wapi?"

"Kerugoya."

Akatikisa kichwa. "Ati mimi nimekaa juu ya mnyama muda huu wote na bado niko Kerugoya. Kijana, niko na punda nyumbani. Yeye angalau akikataa kwenda, anakataa bila kuringa." Aliporudi kesho yake alikuja na wajukuu wanne, na kila mmoja akampa maonyo yaleyale kabla ya kumpandisha: asitarajie kufika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salim wa Majengo, mtaa wa Waswahili pale mjini, fundi wa injini, mtu mwenye Kiswahili cha kunyooka kiasi kwamba sisi wengine tulijisikia tunatafuna mawe. Alikuwa na sauti kubwa, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameongea akishindana na injini. Kabla ya kuniruhusu kumpandisha mtu hata mmoja, alinichukua wiki mbili nzima sokoni. Tulisimama karibu na mizani ya magunia. Yeye ananinyooshea mtu kwa kidevu, mimi nataja uzito, kisha anamwomba yule mtu kwa adabu apande mizani.

"Ratili mia na arobaini," nasema.

"Mia na sitini na mbili. Umemtazama wapi?"

"Mabega."

"Mabega ni ya fulana, Ndiritu. Huyu anachimba mashimo ya kahawa. Mtazame mapaja. Mtu hukaa juu ya mapaja, hakai juu ya mabega."

Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaiota: usimpandishe mtu ambaye hujamtazama, kutoka kichwani mpaka kwenye kisigino. Usimpandishe kwa sifa, usimpandishe kwa jina, usimpandishe kwa kuambiwa. Mtazame. Ninyi mnaofanya kazi za mikono, hata kama ni kufunga nyaya au kupima nguo, iandikeni hiyo mahali. Vitu vingi huharibika si kwa kukosa ujuzi, bali kwa kukosa kutazama.

Kuhusu viazi, hadithi ni fupi. Ilikuwa Karatina, siku ya soko. Akina mama wawili walikuja na viondo vyao mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakakataa kuviacha chini. "Tuviache na nani? Na wewe?" mmoja aliniuliza, akinitazama kama mtu anayejua vijana. Nikawapandisha na viondo vyao. Niliwatazama vizuri sana, miguu, mapaja, visigino, nikawawekea wenzao wa kulingana upande wa pili. Sikutazama viondo. Mle ndani mlikuwa na viazi vya kutosha kulisha shule. Gurudumu likaenda nusu, likarudi kwa kasi, na viazi vikaanza kumwagika kutoka juu. Watu waliokuwa kwenye foleni walifikiri ni zawadi. Mzee Salim hakunigombeza. Alinipa kiazi kimoja akaniambia nikiweke mfukoni kwa mwezi mzima, na kila nikikigusa nikumbuke kwamba mzigo wa mtu ni sehemu ya mtu.

Hizo bembea hazipo tena, na mtu akiniuliza zilikufa lini nashindwa kumjibu, kwa sababu hazikufa siku moja. Dizeli ilipanda. Televisheni ziliingia kwenye mabaa, watu wakapata kitu cha kutazama wakiwa wamekaa. Viwanja tulivyokuwa tukisimama vikagawanywa kimoja baada ya kingine, cha Karatina kikawa maduka, cha Embu kikawa kituo cha petroli. Bwana Harilal alizeeka, na watoto wale waliolia wazungushwe wakawa watu wazima wenye shughuli zao mbali. Gurudumu liliuzwa kama vyuma, ile nia yake ya kwanza ikatimia kwa kuchelewa. Upande mmoja wa duara nimewahi kuuona umefanywa nguzo za tangi la maji. Pundamilia alipata kazi nje ya kinyozi mmoja, watoto wanakaa juu yake wakinyolewa, na nasikia hawalii.

Basi turudi kwenye mke.

Nilikuwa na miaka kadhaa kazini nilipompenda Wangari, msichana wa Gatitu aliyekuwa akishona sare za shule katika duka moja mjini. Tulikubaliana. Nikawaeleza wazee wetu, nao wakatuma neno kwa wazee wao, na ikapangwa waende Gatitu Jumamosi ya pili kuanza mazungumzo ya mahari. Lakini kulikuwa na jambo moja. Nilipoulizwa kazi yangu, nilikuwa nimesema mimi ni fundi wa mashine kwa Mhindi. Si uongo. Nilinyamaza tu kuhusu mashine inafanya nini. Nyumba ile ilikuwa ya watu wazito: baba yake Wangari alikuwa na kahawa na ng'ombe wa maziwa, na mama yake alijulikana kote kama mtu ambaye neno lake la mwisho huwa pia ndilo la kwanza. Akikataa yeye, wazee wangekunywa uji na kurudi nyumbani. Niliogopa kwamba angesikia binti yake anaolewa na mtu wa kuzungusha watu.

Na hapa lazima niwaeleze kitu ambacho baadhi yenu hamkukulia. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake walikuwa na ile haya ya heshima tunayoiita *thoni*. Hukumtazama usoni. Hukula mbele yake. Mkikutana njiani, ulipita ukiangalia vichaka kana kwamba umepoteza mbuzi. Hata kabla ya mahari, mara tu neno lilipotumwa, haya ilianza. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mama yake Wangari, na sasa sikupaswa kumwona.

Jumamosi ya kwanza, wiki moja kabla ya mazungumzo, tulikuwa tumesimama Nyeri. Wangari alinijia nyuma ya injini akiwa na uso wa mtu aliyevunja sahani ya wageni.

"Mama yuko hapa."

"Hapa mjini?"

"Hapa kwa foleni. Amesikia."

"Anajua ni mimi?"

"Anajua. Ndiyo maana anataka kupanda."

"Lakini hatupaswi kuonana."

"Hajakuja kukuona wewe," Wangari akasema. "Amesema amekuja kuona mashine. Mashine hana thoni nayo."

Mzee Salim alikuwa amelala chini ya injini akikaza kitu. Hakukuwa na mwingine wa kupandisha watu ila mimi. Nikarudi kwenye ubao wa kupandia. Nikawapandisha wasichana wawili wa shule, na makarani wawili mkabala nao. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu.

Vijana, sauti ile. Ilikuwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde na akaja na jembe lake. "Hii ndiyo mashine?" ilisema. "Inaenda wapi? Na huyu anayeiendesha, yeye amesomea nini?" Akasema hataki kukaa na mtu asiyemjua, apewe kiti chake peke yake. Nilimfungulia chuma cha kiti nikiwa nimegeuza shingo kuelekea mlimani. Niliona kivuli, na kivuli asubuhi ni kirefu, hakina habari yoyote. Nilisikia kiti kikilia kidogo. Nikafunga.

Sasa nilihitaji mtu wa uzito wake upande wa pili, na nilikuwa na sauti tu. Nikajiuliza: mwanamke mwenye sauti hii, mke wa mtu wa kahawa na maziwa, atakuwa na uzito gani? Nikatazama foleni. Aliyefuata alikuwa Kamande, mchinja nyama wa sokoni, mtu ambaye alikuwa akiingia bucha yake kwa ubavu. Nikasema moyoni, hapo ndipo. Wamelingana. Nikampandisha.

Mama yake Wangari, nilikuja kuambiwa, alikuwa mwanamke mdogo wa mwili kuliko binti yake. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe.

Mzunguko wa kwanza niliona kitu hakiko sawa. Upande wa Kamande ulishuka kama jiwe na kupanda kama mzee mwenye goti bovu. Mzunguko wa pili injini ilianza kukohoa. Wa tatu, Kamande akiwa anaanza kupanda, mkanda uliachia pale uliposhonwa, ukaruka na kulala kwenye nyasi. Gurudumu likayumba huku, likayumba kule, na likatulia kama mizani inavyotulia. Kamande chini kabisa, miguu yake karibu iguse ubao. Mama mkwe wangu juu kabisa, peke yake na mlima.

Mzee Salim akatoka chini ya injini na kuutazama mkanda. "Kuushona ni kazi ya saa nzima," alisema. Akatazama juu, akatazama chini, akanitazama mimi. "Ndiritu, hawa umewapima na macho gani?"

Nikamnong'oneza kwamba yule wa juu ni mama mkwe.

"Ah," akasema. Alikuwa ameishi na sisi miaka mingi, hakuhitaji zaidi. "Basi rahisi. Bwana mkubwa ashuke, mama atakuwa mzito kuliko kiti kitupu, tutamteremsha kwa breki na kamba."

Ilikuwa rahisi kweli, isipokuwa Kamande alikataa.

"Mimi sishuki," alisema. "Nimezunguka mara mbili tu."

"Utazunguka tena baadaye, mzee. Ni kwa sababu ya uzito," nikasema, na hapo ndipo nilipofanya kosa juu ya kosa.

"Uzito wa nani?" Kamande akauliza. Watu walikuwa wameanza kusogea. "Unataka kesho sokoni waseme ati Kamande ameteremshwa kwa bembea ya watoto juu ya uzito? Mimi nitauzia nani nyama?"

Mzee Salim akaona amsaidie kwa adabu zake za Majengo. "La, bwana, wewe huna uzito wowote wa kupita kiasi," akasema kwa sauti yake ya injini. "Ni yule mama wa juu ndiye mwepesi mno."

Ninyi wa leo mnalipa watu wawasaidie kupungua, kwa hiyo hamwezi kujua uzito wa neno lile. Wakati huo, kumwita mama wa boma mwepesi mbele ya watu wa soko kulikuwa ni kusema kwake hakupikwi. Ni kusema mumewe ana kahawa lakini hana chakula.

Sauti ikashuka kutoka juu. "Nani mwepesi?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Nimeuliza nani mwepesi. Huyo mzee arudie. Huku juu nasikia vizuri sana."

Karani mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni akaanza kucheka akaacha. Wangari alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mimi niliushika mti wa breki, nikautazama ule mti kwa bidii.

Na hapa ndipo nilipojifunza kwa Mzee Salim jambo ambalo limenisaidia kuliko kupima uzito. Hakubishana tena na mtu yeyote. Alichukua kamba nene, akamwendea Kamande na kumwambia polepole, "Bwana, kuna tatizo. Tunahitaji kumteremsha yule mama kwa kamba, na mimi na kijana huyu hatuna nguvu za kuishika. Nimetazama uwanja mzima. Sioni mtu mwingine."

Kamande aliwatazama watu, kisha akaitazama kamba.

"Hii tu?" akasema. Akashuka. Akajifunga kamba kiunoni, akakita miguu, na kuanzia hapo alikuwa akituamuru sisi. Usimwambie mtu ashuke, vijana. Mpe kazi huko chini.

Gurudumu likaanza kugeuka taratibu, Kamande akiachia kamba kidogo kidogo, Mzee Salim akiisukuma duara, mimi kwenye breki. Tatizo lililobaki lilikuwa langu. Mshika breki lazima akitazame kiti kinachoshuka ili akisimamishe sawasawa na ubao. Ukichelewa, kiti kinagonga. Ukiwahi, mtu anabaki juu ya kichwa chako na itambidi aruke chini, na mtu mzima haruki. Nami sikuweza kutazama. Basi nikageuka, nikawapa mgongo wote, nikasema nitafuata sauti. Alipokuwa juu alikuwa akiongea bila kukoma, nami nilisikia sauti ikikaribia vizuri kabisa, juu, kati, kati zaidi. Ghafla akanyamaza. Labda aliona ardhi inakuja akaanza kuomba Mungu kimoyomoyo.

"Mzee Salim," nikasema, "sisikii kitu."

Mzee Salim akainua uso. "Mama, tafadhali endelea kuongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Tutukane ukipenda."

Hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alianza na injini, akasema hata mbuzi wake wana sauti ya kuaminika zaidi. Akaenda kwa Mhindi, akauliza kama dukani misumari imeisha mpaka auze kizunguzungu. Akaja kwa Mzee Salim na maoni yake juu ya wepesi wa watu. Kisha akafika kwangu. Akasema kuna mwanamume huko chini anataka binti ya mtu, na kazi yake ni kuwapandisha watu mahali pasipo na kitu na kuwarudisha palepale, na leo hata kuwarudisha kumemshinda. Akasema mengine ambayo sitayarudia. Sauti ikafika begani kwangu, ikafika kwenye sikio, nikavuta breki. Kiti kiligusa ubao bila hata kutikisika. Nikapeleka mkono nyuma, nikapapasa, nikafungua chuma. Nikasikia viatu viwili vyepesi vikishuka. Vilipita vikaenda zao.

Wiki ile sikulala vizuri. Wangari alileta habari moja tu: mama yake hazungumzi juu ya jambo lile, na akinyamaza ni vibaya kuliko akiongea.

Jumamosi ikafika. Wazee wetu wanne walikwenda Gatitu, nami nyuma yao na suti ya kuazima. Wanaume walikaa sebuleni, akina mama wakakaa jikoni, mlango wa kati umeachwa wazi kidogo. Katika mambo haya mwoaji hasemi. Hukaa akitazama kofia yake. Lakini baada ya salamu na uji, mzee wa upande wao alisafisha koo.

"Kabla hatujafika mbali," alisema, "kuna swali kutoka jikoni. Nyumba hii ilitangazwa sokoni kwamba ni ya watu wepesi. Mama mwenye nyumba aliwekwa mizani moja na mchinja nyama, mbele ya watoto wa shule, akainuliwa juu kama manyoya. Kijana ajibu mwenyewe. Alikuwa na maana gani?"

Wazee wangu waligeuka kunitazama. Mmoja alikuwa amekwisha kuishika fimbo yake, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nilikuwa nimetunga majibu wiki nzima, kuhusu mkanda, kuhusu injini, kuhusu Mzee Salim. Yote yakanitoka.

"Nilikosea kazi," nikasema. "Tunafundishwa tusimpandishe mtu ambaye hatujamtazama. Mimi sikumtazama. Nisingeweza. Nilikuwa nimesikia sauti yake tu, na kwa sauti hiyo nilijua ni mtu mkubwa wa nyumba iliyoshiba. Nikatafuta uwanja mzima mtu wa kulingana naye. Nikampata Kamande peke yake."

Mzee wao alitazama kikombe chake. Kisha kutoka jikoni mtu mmoja alianza kucheka, mama mtu mzima, kicheko cha kujaribu kuzuia kinachotokea puani. Wa pili akafuata. Na juu ya vicheko vyote ikaja ile sauti, ambayo nilikuwa sijaisikia tangu ilipokuwa sikioni kwangu.

"Ni kweli hakutazama. Muda wote mimi niliona mgongo wake tu. Hata chuma alifungua kwa kupapasa kama kipofu." Nikasikia sufuria ikifunuliwa. "Waendelee. Chai itapoa."

Akina mama wakapiga vigelegele, mzee wetu akairudisha fimbo chini, na mazungumzo yakaendelea mpaka jioni. Mimi na Wangari tumeishi pamoja miaka mingi, na bado tunaishi.

Mama mkwe wangu hakuwahi kusema kwamba kazi yangu ilikuwa nzuri. Ila kila mwaka, bembea zikisimama Nyeri, alikuja siku ya kwanza na kupanda. Siku moja kabla, Wangari alirudi kutoka kuwatembelea kwao Gatitu na kunipa ujumbe akijaribu kutocheka: mama amepita kwa mizani ya kahawa, amepimwa akiwa na viatu, ni ratili tisini na sita, na niongeze mbili kwa ajili ya leso. Nami kesho yake, nikitazama mlimani, niliweka upande wa pili karani mmoja mwembamba wa posta, na gurudumu likazunguka kama maji.